Shali Iliyolazwa Kivulini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Sufu, ndilo analoitwa na jengo zima na ndilo analoitikia.
Umri: Miaka sabini na mmoja.
Kazi: Mpima ardhi mstaafu. Kwa sasa ni mfumaji, nyumbani kwake.
Makazi: Jengo la ghorofa nne linalotazamana na duka la mbao, mlango wa kwanza kushoto ukiingia.
Yanahusu: Shali ya mtoto mchanga inayodaiwa kuibwa juu ya paa la jengo hilo.
Siku na saa ya kuandikwa: Ijumaa, tarehe 15, saa tisa na nusu alasiri.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Akili zangu ni timamu, miwani yangu ni mipya, na hakuna aliyenilazimisha kuja. Nimekuja kwa miguu yangu nikiwa na kikapu chenye mfuniko. Afande anayeandika maelezo haya ameniuliza kuna nini ndani ya kikapu kinachotikisika. Nimemjibu kwamba tutafika huko, kwa sababu nikianza na kikapu hataniamini.

Nimekuja kwa ajili ya mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi. Sisi tunamwita Dada Povu. Ndiye dobi wa jengo letu, na huu ni mwaka wake wa sita. Anatuhumiwa kuiba shali ya mtoto wa Mama wa Ghorofa ya Tatu. Shali hiyo niliifuma mimi. Naomba iandikwe mapema kabisa kwamba hakuiiba, halafu nieleze nimejuaje.

Kwanza kuhusu kufuma. Nilijifunza kwa marehemu mke wangu. Macho yalipoanza kumsumbua alinikabidhi sindano mbili na sweta lililofika kwapani, akaniambia, "Umechora ramani maisha yako yote. Hii nayo ni ramani. Soma, umalizie." Nilimalizia. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, naye alilivaa hivyo hivyo mpaka mwisho. Tangu hapo sijaweka sindano chini. Nina mambo mengine ya nyumbani ya kunipotezea muda, kama maua ninayoyaotesha kwenye makopo ya rangi, na saa mbovu za ukutani ambazo majirani huniletea nizifufue. Lakini hayo ni ya pembeni. Kazi yangu ni kufuma.

Kila mtoto anayezaliwa katika jengo letu namfumia kitu. Sisubiri kuombwa. Nikisikia kilio kipya kwenye ngazi, nachagua uzi. Wapo waliokwisha kuota ndevu ambao kofia zao za kwanza nilizifuma mimi, na mama zao bado wamezitunza kabatini. Sisemi haya kwa kujisifu. Afande ameinua macho aliponisikia nikisema hivyo. Basi aandike kwamba ninajisifu kidogo.

Shali ya mtoto wa ghorofa ya tatu ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufuma. Ni ya sufu tupu, nyeupe ya maziwa, uzi mwembamba kama wa buibui, na pembeni ina majani yanayofuatana bila kukatika. Ukiishika kona moja, shali nzima inapita ndani ya pete. Nimeonyesha hapa mezani kwa pete yangu ya ndoa, na afande ameona; shali imefikaje hapa, nalo tutalifikia. Naomba jambo hilo likumbukwe. Kitu kinachopita kwenye pete ni chepesi, na kitu chepesi hakihitaji mwizi mwenye nguvu.

Sasa nieleze kuhusu kufua, maana kesi yote imelala hapo.

Nguo ya pamba au nailoni ukishaifua unaitundika kwenye kamba, jua linamaliza kazi. Sufu si hivyo. Sufu ikilowa inakuwa nzito, na ukiitundika, ule uzito wa maji unaivuta kwenda chini. Vitanzi vinarefuka na havirudi tena. Jua kali nalo linaikakamaza. Kwa hiyo sufu hulazwa. Unaikamua bila kuisokota, unaitandaza juu ya taulo mahali palipo bapa, kivulini penye upepo, unainyoosha kwa vidole mpaka irudie umbo lake, kisha unaiacha. Watu wengi hawajui hili, wala si kosa lao. Nguo za sufu tupu ni chache siku hizi.

Dada Povu naye hakujua alipoanza kazi kwetu. Sweta langu la kwanza alilolifua alilitundika kwenye kamba kwa vibanio viwili mabegani. Jioni nilipolivaa mikono ilinifika magotini, nikaonekana kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Fundi viatu anayekaa pale getini alicheka hadi akadondosha nyundo. Dada Povu alisimama mbele yangu akasema, "Babu, nikate kwenye malipo."

Nikamwambia sikati kitu, aje nimwonyeshe. Nilitandaza taulo sakafuni sebuleni kwangu nikalilaza lile sweta. Akaniuliza, "Babu, nguo nayo inalala? Basi na tuiimbie."

Nikamwambia kama sauti anayo, aimbe.

Akacheka, lakini alijifunza. Hata wiki chache hazikupita akaniacha nyuma. Hatua ya kuviringisha nguo ndani ya taulo kavu na kuikanyaga taratibu kwa miguu mitupu, ili taulo linywe maji, si mimi niliyemfundisha. Aliigundua mwenyewe. Kubana kingo za shali kwa pini ili majani yakauke yakiwa yamefunguka, nalo ni lake. Mimi nilikuwa nikiyanyoosha kwa vidole, na hayakuwahi kukaa sawa kama yanavyokaa kwake. Leo kazi yangu ya sindano na kazi yake ya maji ukiziweka pamoja, huwezi kusema ipi ndiyo iliyoifanya shali ipendeze. Nimefanya kazi na wasaidizi wengi wa vipimo katika ajira yangu, wengine wakiwa na vyeti vya kutundika ukutani, lakini ni wachache waliochukua nilichowapa wakakirudisha kikiwa bora zaidi.

Afande ameniomba nirudi kwenye tukio. Narudi.

Mnamo tarehe 14, siku ya Alhamisi, asubuhi, nilitoka nyumbani kwenda kuchukua miwani yangu mjini. Nilipopita uani Dada Povu alikuwa ameinamia beseni, povu limemfika kwenye viwiko. Tulisalimiana. Akaniambia, "Babu, leo ninalo toto lako hapa. Lile jeupe." Alimaanisha shali. Mama wa Ghorofa ya Tatu alikuwa amempa aifue kwa sababu mama mkwe wake anakuja Jumamosi kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na shali ilikuwa imemwagikiwa maziwa. Nikamwambia aipe salamu zangu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyozungumza kabla ya tukio.

Yaliyotokea nilipokuwa mjini sikuyaona kwa macho, nayasema kama nilivyoyasikia. Afande anayo maelezo ya wenyewe. Dada Povu alipanda juu ya paa, akatundika mashuka na nguo nyingine za ghorofa ya tatu kwenye kamba. Shali hakuitundika. Aliilaza juu ya taulo kwenye mfuniko wa zege wa tangi la maji, upande wa ukuta wenye kivuli. Akashuka kuchukua beseni la pili. Aliporudi, taulo lilikuwepo na pini zilikuwepo, ila shali haikuwepo.

Alishuka mwenyewe kugonga mlango wa ghorofa ya tatu na kusema kwamba haioni. Naomba hilo nalo liandikwe. Hakusubiri kuulizwa.

Niliporudi alasiri nilikuta watu wamejaa kwenye ngazi. Mama wa Ghorofa ya Tatu alikuwa amemkumbatia mtoto, machozi yanamtoka. Simsemi vibaya. Ni mzazi mpya, hajalala vizuri kwa muda mrefu, na mkwe yuko njiani. Alikuwa akimuuliza Dada Povu, "Mashuka yangu yapo. Gauni langu lipo. Soksi za baba mtoto, zilizotoboka, zipo. Kwa nini shali peke yake uliitenga?"

Dada Povu akajibu, "Sikuitenga, mama. Niliilaza."

"Uliilaza! Nguo zote zinaning'inia kwenye kamba, moja tu ndiyo inalazwa, pembeni, nyuma ya tangi, mahali pasipoonekana. Na hiyo moja ndiyo inayopotea."

Afande, ninakiri kwamba kwa mtu asiyeijua sufu, maneno hayo yananyooka. Hata mimi ningekuwa sijui ningeyashika hayo hayo. Ndipo kila mtu akaanza kukumbuka chake. Jirani wa ghorofa ya pili akakumbuka soksi ya mtoto iliyopotea mguu mmoja. Mwingine akakumbuka kofia. Fundi viatu akakumbuka skafu yake ya kijivu niliyomfumia wakati wa baridi, akasema, "Mimi nilidhani nimeisahau mahali, nikanyamaza. Kumbe tunafuliwa mpaka mifuko." Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Dada Povu kuliko kelele. Nilimwona. Alikuwa anatazama mikono yake.

Mimi nilijaribu kusema. Nilieleza habari ya uzito wa maji na vitanzi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Babu, leo si siku ya somo." Wakamwambia Dada Povu aache funguo za paa mezani kwa mlinzi wa jengo. Akaziacha. Kwa dobi wetu zile funguo ndizo kazi yenyewe. Bila paa hana pa kuanika, na akishasemwa kwamba ana mkono mrefu, hakuna jengo katika mtaa ule litakalompa paa jingine. Leo asubuhi akaitwa hapa kituoni.

Leo, Ijumaa, saa nne asubuhi, nilipanda ghorofa ya tatu kuzungumza na mama mtoto kwa utulivu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nilimweleza tena, safari hii kwa mfano. Nilichukua soksi ya sufu, nikailowesha chini ya bomba lake la jikoni, nikaining'iniza kwa vidole viwili. Aliona jinsi inavyorefuka. Kisha akasema, "Sawa, Babu. Nimekubali kulaza ni ufundi. Lakini imelazwa, halafu imekwenda wapi? Shali haina miguu."

Nilishuka ngazi nikijua kwamba nimejibu nusu ya swali, na nusu hiyo haimtoi mtu kwenye benchi.

Hapa sasa tunafika kwenye kikapu.

Ninaishi na paka. Ni dume, wa rangi ya majivu, mwenye kifua cheupe. Anaitwa Katibu, kwa sababu huhudhuria kila kikao na hachangii neno. Nilimwokota akiwa na siku chache tu, macho ndiyo kwanza yamefunguka, hana mama. Nilimlisha kwa kitambaa kilicholoweshwa maziwa, na kitanda chake kilikuwa kikapu changu cha nyuzi. Paka aliyekosa kunyonya hutafuta cha kunyonya. Huyu alipata sufu. Mpaka leo ni mkubwa kiasi hiki, lakini akipata kipande cha sufu anakikanyagakanyaga kwa miguu ya mbele na kukinyonya huku amefumba macho. Mimi hilo nililijua siku nyingi. Nilidhani linaishia ndani ya kikapu changu.

Katibu ana saa zake za kula, na hazipiti. Saa saba mchana hukaa mbele ya bakuli lake akinitazama kama mtu anayedai haki. Leo ilifika saa saba, hayupo. Niliangalia saa tatu tofauti ukutani, zote nilizozitengeneza mwenyewe, na ingawa hazikubaliani, zote zilisema amechelewa. Nikamtafuta chini ya kitanda, juu ya kabati, katikati ya makopo ya maua. Nikafungua mlango wa nyuma.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kibaraza kidogo kinachoungana na ngazi za nyuma za jengo. Ngazi zile huenda moja kwa moja mpaka paa, na hazitumiwi na mtu isipokuwa anayezoa taka. Kwenye kibaraza nimeweka cherehani ya mke wangu yenye meza yake ya mbao. Haishoni tena, lakini siwezi kuitupa. Chini ya meza hiyo, mahali pa pedali, pana nafasi iliyofunikwa na turubai. Nilisikia mlio wa Katibu, ule wa kukoroma anaoutoa akiwa na raha. Nikainua turubai.

Alikuwa amelala juu ya shali.

Chini ya shali palikuwa na skafu ya kijivu ya fundi viatu. Chini ya skafu palikuwa na kofia, na soksi ya mtoto mguu mmoja, na glavu, na kipande cha blanketi nililomfumia msichana wa ghorofa ya nne ambaye sasa amekwisha kuolewa. Vyote vilikuwa vimepangwa kwa duara kama kiota. Hapakuwa na kitambaa cha pamba hata kimoja, wala nailoni. Vyote vilikuwa sufu, na vyote vilikuwa vya mkono wangu.

Afande ameniuliza nilifanya nini baada ya kuviona. Nitasema ukweli. Nilipaswa kukimbia hapa mara moja. Badala yake nilikaa chini kwenye sakafu ya kibaraza, nikavitoa kimoja kimoja na kuvitazama. Mfumaji hatunzi kazi zake. Anazimaliza, anazitoa, zinakwenda kuishi na watu. Sikuwa nimewahi kuziona zote mahali pamoja. Ile skafu kingo zake bado zilikuwa zimenyooka. Kofia ilikuwa haijalegea. Na kila kimoja kilikuwa kimetunzwa vizuri na maji, hakuna kilichosinyaa, hakuna kilichorefuka, kwa sababu vyote vilikuwa vimepita mikononi mwa mwanamke mmoja. Nilikaa pale labda robo saa. Halafu nikakumbuka kwamba mwanamke huyo yuko benchini, nikasimama.

Katibu alivipata kwa njia rahisi. Nguo zilizotundikwa ziko juu, hazifikii, na angezifikia zisingemvutia. Ila nguo ya sufu imelazwa juu ya mfuniko wa tangi ambao kimo chake hakizidi kiuno cha mtu. Kwake pale ni kama mezani. Shali ya Alhamisi ilikuwa bado na unyevu, lakini ni nyepesi, tumekwisha kuona habari ya pete. Aliishika kwa meno, akaivuta, pini zikabaki kwenye taulo, akashuka nayo ngazi za nyuma. Kona moja ina alama ya meno na imechafuka kidogo kwa vumbi la ngazi. Majani hayajakatika. Nimekagua.

Kwa hiyo, alichofanya Dada Povu ndicho kilichotakiwa kufanywa. Angekuwa dobi mzembe angeitundika shali kwenye kamba pamoja na mashuka. Ingerefuka kama wavu, ingeharibika, na leo ingekuwepo, na hakuna ambaye angemwita mwizi. Ameletwa hapa kwa sababu alifanya kazi yake vizuri. Sijui kama sheria ina mahali pa kuandika sentensi hiyo, lakini naomba ipatiwe mahali.

Nilipotoka getini na kikapu fundi viatu aliniuliza naenda wapi na Katibu. Nikamwambia naenda kumkabidhi kwa polisi, nikamrushia skafu yake. Aliitazama, akainusa, akasema, "Kwa hiyo paka wako amekuwa akivaa kuliko mimi?" Kisha akavua aproni yake ya ngozi, akasema atapanda ghorofa ya tatu mwenyewe kuwaambia. Akaongeza, "Mimi ndiye niliyechekesha watu jana. Niache nikawanyamazishe." Skafu nilimwomba anirudishie kwa muda, kwa kuwa ni ushahidi. Ipo hapa mezani pamoja na vingine.

Afande hakuridhika kwa maneno tu, na hiyo ni tabia njema katika kazi yake. Alisema paka hawezi kubeba nguo. Nikafungua kikapu. Katibu alitoka, akanyoosha mgongo, akatembea juu ya meza akipita katikati ya karatasi. Alifika kwenye sweta la kazi la afande lililokuwa kwenye kiti, akalinusa, akaliacha. Akarudi, akaishika ile kofia kwa meno, akaruka nayo chini, akaingia nayo chini ya kabati la mafaili. Imebidi tumtoe kwa ufagio. Afande amejionea mwenyewe.

Aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kidogo, "Mzee, kwa nini sweta langu amelikataa?"

Ningependa sana kusema kwamba paka huyu anautambua mkono wangu. Lakini niko hapa kusema kweli. Sweta la afande limechanganywa nailoni, ukilisugua linatoa cheche. Paka anaijua sufu tupu, na katika mtaa wetu anayefuma kwa sufu tupu ni mimi peke yangu. Afande amesema sweta lake limeandikwa ndani kwamba ni sufu tupu. Amenionyesha lebo yake shingoni. Ni kweli imeandikwa hivyo. Sina maoni zaidi kuhusu jambo hilo, isipokuwa kwamba jioni hii nitampa Katibu samaki.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza, Dada Povu aondoke kwenye benchi na arudishiwe funguo za paa mbele ya watu wale wale waliomnyang'anya. La pili, asije akaambiwa na mtu yeyote kwamba kuanzia sasa atundike sufu ili kuepuka matatizo. Nitatengeneza kichanja chenye wavu juu yake, nitakiweka pale kwenye tangi kwa gharama yangu. Paka atafungiwa nje. Ufundi uachwe kama ulivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na pale nilipoyasikia tu nimesema nimeyasikia. Nimesomewa yote. Nimesahihisha sehemu mbili, na afande amekubali kwamba zilihitaji kusahihishwa. Naweka sahihi yangu.

(Sahihi) Babu Sufu

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kama shahidi alivyoyasema, na kwamba nilimwomba afupishe zaidi ya mara moja. Vielelezo vilivyopokelewa ni shali moja nyeupe, skafu moja, kofia moja, soksi moja ya mtoto, glavu moja na kipande cha blanketi. Paka hakupokelewa.

Naongeza yafuatayo. Baada ya shahidi kuweka sahihi na kabla mtuhumiwa hajaelezwa lolote, nilipeleka vielelezo mapokezi ili viandikishwe. Shali ilikuwa bado na unyevunyevu, kwa kuwa ilikaa imekunjamana chini ya turubai. Niliitundika kwenye msumari wa ukutani, mbele ya benchi. Mtuhumiwa alisimama. Hakuuliza imepatikana wapi, wala kama yuko huru. Alisema, "Afande, usiitundike! Itavutika." Akaitoa msumarini kwa mikono miwili, akaangalia huku na huku akitafuta mahali bapa, akaniuliza kama kituo kina taulo.

Shahidi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Umemsikia?" Nikamjibu kwamba nimemsikia. Akaomba jambo hilo liongezwe kwenye maelezo yake. Nilimweleza kwamba amekwisha kuweka sahihi, hivyo naliandika hapa kwa mkono wangu.

Mlalamikaji alifika saa kumi na nusu akiwa na mtoto, ameandamana na fundi viatu na majirani kadhaa. Ameondoa malalamiko. Alimwambia mtuhumiwa, "Dada yangu, nisamehe, sikujua." Mtuhumiwa akajibu, "Yamekwisha, mama. Nipe funguo zangu za paa, nina mashuka ya watu yamelowekwa tangu jana." Funguo alikuwa nazo fundi viatu, amezichukua kwa mlinzi. Alizitoa mbele ya wote.

Mlalamikaji alitaka kuichukua shali hapo hapo. Dobi alimwambia bado, isubiri ikauke. Imelazwa juu ya taulo, kwenye meza ya mapokezi, mbali na dirisha lenye jua. Nimewaagiza askari wa zamu wasiiguse.